Huruma na Uandani: Mbinu za Kisinema katika Mwanzo wa Filamu La Noire de... ya Ousmane Sembène

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili, kila unapoigusa sinema, umezoea kuisoma kama unavyoisoma riwaya. Mhakiki hutaja dhamira, huorodhesha wahusika, hueleza mgogoro, kisha mwishoni hutenga aya moja au mbili za fani, ambamo kamera, sauti na muziki hutajwa kwa haraka kama viungo vilivyotiwa chunguni baada ya chungu kuepuliwa. Utaratibu huo una hasara yake. Humfanya msomaji aamini kwamba mtazamaji humpenda au humchukia mhusika kwa ajili ya yale yanayomfika tu, na kwamba namna yale yanavyoonyeshwa ni pambo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha hayo kwa kuchunguza mwanzo wa filamu moja tu. Filamu yenyewe ni La Noire de..., iliyoongozwa na Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1966. Ni filamu fupi, ya muda wa saa moja hivi, iliyopigwa kwa picha nyeusi na nyeupe na Christian Lacoste na kuhaririwa na André Gaudier. Mwaka huo huo ilipata Tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa, na tangu hapo imehesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za mwongozaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara kupata sifa katika nchi za nje.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Diouana, msichana wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kuwatunza watoto. Familia inaporejea kwao Antibes, kusini mwa Ufaransa, inamwita aifuate. Anapofika anakuta kwamba hakuitwa kuwa yaya bali kuwa mpishi, dobi na mfagizi, na kwamba mlango wa nyumba haufunguki kwake ila kwa idhini ya wengine. Upweke na udhalili unamzidi. Anajiua ndani ya bafu. Bwana wake anasafiri hadi Dakar kumrudishia mama yake sanduku, mshahara na kinyago. Mama anaikataa pesa.

Kisa cha namna hii kingeweza kumliza mtazamaji yeyote hata kama kingesimuliwa vibaya. Hapo ndipo lilipo swali la makala haya. Ikiwa mateso ya Diouana yanatosha kuleta huruma, Sembène alikuwa na haja gani ya kuanza na dakika kadhaa ambazo ndani yake Diouana hateswi hata kidogo?

Huruma na uandani

Kabla ya kuutazama mwanzo huo, yafaa dhana mbili zitenganishwe. Tangu Aristotle, wahakiki wa drama wamesema kwamba tanzia huamsha huruma na hofu: huruma kwa mtu apatwaye na msiba asiostahili, na hofu kwa sababu mtu huyo anafanana na watazamaji. Wahakiki wengi wameshika neno la kwanza na kulisahau la pili.

Katika matumizi ya Kiswahili, huruma ina mwelekeo wake. Aghalabu hushuka: mzazi humhurumia mtoto, tajiri humhurumia maskini, hakimu humhurumia mshitakiwa. Anayehurumia yuko salama mahali alipo, na anaweza kuondoka apendapo bila ya kupungukiwa na kitu. Neno uandani ni jingine. Mwandani ni mtu wa ndani, mjua siri, ambaye jambo likimpata mwenzake na yeye limempata. Mtu anaweza kumhurumia asiyemjua. Hawezi kuwa mwandani wa asiyemjua.

Tofauti hii ina maana katika sinema kuliko katika fasihi andishi, kwa sababu sinema humwonyesha mtu kwa nje kwanza. Mtazamaji huona mwili, nguo, mwendo. Moyo haupigwi picha. Wala mtazamaji hangoji kuelezwa. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliozoea vibanda vya video humtafuta stelingi tangu picha za mwanzo, na wakishamtambua huwa wameshachagua upande. Kwa hiyo mwanzo wa filamu ni mahali ambapo mkataba hufungwa. Yanayofuata hupokewa kwa masharti ya mkataba huo.

Mianzo miwili ya kisa kimoja

Bahati nzuri kwa mhakiki ni kwamba Sembène alikitunga kisa hiki mara mbili. Kabla ya kuwa filamu kilikuwa hadithi fupi yenye jina hilo hilo, iliyotolewa katika mkusanyiko wa Voltaïque mwaka 1962. Kuilinganisha mianzo hii miwili ni kumwona msanii mmoja akibadili shauri lake.

Hadithi huanza asubuhi ya tarehe 23 Juni 1958, huko Antibes. Msimulizi wa nafsi ya tatu anawataja watu waliokwisha kumiminika ufukweni, wasioshughulishwa na mambo ya Jamhuri yao wala ya Algeria. Kisha magari yanafika kwenye nyumba moja na wapelelezi wanaingia. Diouana amekwisha kufa. Msomaji anaongozwa ndani ya nyumba pamoja na watu wa serikali, na ndipo msimulizi anaporudi nyuma kueleza jinsi msichana huyo alivyotoka Dakar.

Mwanzo huo una nguvu zake. Kinaya cha ufuko uliojaa watu wasiojali kinakata kama wembe. Lakini tazama msomaji amewekwa wapi. Amewekwa nyuma ya mpelelezi. Diouana kwake ni maiti kwanza, kisha jambo la kuchunguzwa, na mwisho kabisa mtu. Hata akisikitika, masikitiko yake ni ya mtu aliyefika baada ya tukio, asiye na lolote la kutumaini.

Filamu imeutupa mwanzo huo. Inaanza na meli inayotia nanga na msichana anayeshuka. Mbinu rejeshi haikuachwa. Dakar inaonekana tena na tena katikati ya filamu. Lakini mwenye kumbukumbu amebadilika. Katika hadithi anayekumbuka ni msimulizi, na anakumbuka juu ya mfu. Katika filamu anayekumbuka ni Diouana mwenyewe, naye yu hai. Kwa badiliko hilo moja mtazamaji ameondolewa nyuma ya mpelelezi na kuwekwa kando ya msafiri.

Meli na swali

Picha za kwanza hazina mtu wa kutambulika. Ni meli kubwa nyeupe, bandari, na mlio wa honi. Mtazamaji anaonyeshwa ukubwa wa chombo kabla ya kuonyeshwa yule aliyesafiri ndani yake. Diouana anapotokea, ni abiria miongoni mwa abiria. Amevaa vizuri: gauni nadhifu, kitambaa kichwani, hereli masikioni. Hakuna machozi wala vitambaa vilivyoraruka. Mtu asiyekijua kisa angeweza kumdhani mtalii.

Mavazi haya yamewashughulisha wahakiki kama ishara ya msichana aliyevutwa na anasa za kigeni, na hapana shaka kwamba maana hiyo imo. Lakini katika mwanzo wenyewe yana kazi nyingine iliyo karibu zaidi. Yanamzuia mtazamaji asimhurumie mapema. Mtu aliyevaa hivi amejiandaa. Anategemea kutazamwa na kukubaliwa. Anayemtazama hana nafasi ya kuinama kumtazama, kwa sababu Diouana amesimama wima.

Ndipo inapokuja mbinu kuu ya sehemu hii. Midomo ya Diouana haifunguki, lakini sauti yake inasikika. Anajiuliza ikiwa yupo mtu anayemngojea. Basi, hilo tu. Si tamko juu ya ubaguzi, si lalamiko, si historia ya maisha yake. Ni swali ambalo kila aliyewahi kushuka katika stesheni au bandari ya ugenini amejiuliza.

Nguvu ya swali hili hutokana na mambo matatu. Kwanza, ni siri. Hapana mtu gatini aliyelisikia ila mtazamaji, na kupewa siri ni kufanywa mwandani. Pili, ni swali na si taarifa. Taarifa humpa msikilizaji nafasi ya kukubali au kukataa. Swali humfanya angoje. Mtazamaji anayeanza kuyapitisha macho katika umati wa watu akitafuta mpokeaji amekwisha kuingia katika nafsi ya Diouana bila ya kuombwa. Tatu, ni dogo. Mtazamaji hahitaji kuwa Mwafrika, mwanamke wala maskini ili aelewe. Uandani umejengwa juu ya jambo la watu wote, kisha filamu itamwonyesha mtazamaji gharama ya jambo hilo kwa mtu mmoja.

Lipo jaribio mashuhuri la mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov, ambapo uso ule ule wa mwigizaji, ulipowekwa karibu na picha tofauti, ulionekana kwa watazamaji kuwa na hisia tofauti. Sembène, aliyejifunza sinema Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipita katika mazingira yaliyolea mawazo hayo. Ila hapa uso haupati maana kutokana na picha iliyo jirani bali kutokana na sauti. Mbissine Thérèse Diop, anayeigiza Diouana, ana uso mtulivu usioonyesha mengi. Bila ya sauti, utulivu huo ungeweza kusomwa kuwa kiburi au ubaridi, kama Bibi wa nyumba atakavyousoma baadaye. Kwa sauti, utulivu ule ule unakuwa wasiwasi uliofichwa kwa heshima. Mwanzo wa filamu umemfundisha mtazamaji kuusoma uso ambao waajiri watashindwa kuusoma mpaka mwisho.

Na jibu la swali ni nini? Jibu ni ndiyo. Bwana yuko, amekuja na gari. Kinaya cha filamu nzima kimelala hapo: msiba wa Diouana hautokani na kukosa mtu wa kumngojea. Alingojewa. Alingojewa kama inavyongojewa bidhaa iliyoagizwa.

Adabu ya Bwana na maneno machache

Mwongozaji mwenye pupa angemfanya Bwana awe katili tangu mwanzo. Sembène hakufanya hivyo. Bwana anamsalimu msichana, anamuuliza habari za safari, na ndani ya gari anamsifia uzuri wa nchi yake. Hana matusi wala hapandishi sauti. Diouana anajibu kwa maneno mawili: ndiyo, Bwana.

Kwa kulipunguza jibu lake namna hii, filamu inaweka mizani ambayo haitabadilika. Nje, Diouana ana maneno mawili. Ndani, ana sentensi kamili, hamu, hesabu na kumbukumbu. Mtazamaji anasikia pande zote mbili. Bwana anasikia upande mmoja. Kwa hiyo tangu dakika za mwanzo mtazamaji anajua zaidi kuliko mwajiri, na ujuzi huo humlazimu. Baadaye, wageni wa chakula cha mchana watakapomzungumzia Diouana kana kwamba hayupo, mtazamaji hatahitaji kuelezwa kosa lao. Atakuwa amekwisha kuisikia sauti wasiyoisikia.

Adabu ya Bwana ina faida nyingine. Kama mtazamaji angepewa mtu wa kumchukia upesi, angestarehe. Chuki juu ya mtu mmoja mwovu ni njia rahisi ya kujitenga na uovu. Bwana mpole anamnyima mtazamaji starehe hiyo, na kumwachia neno gumu zaidi la kufikiri: kwamba utaratibu mzima unaweza kumwangamiza mtu hali watu wake wanasema asante na tafadhali.

Safari ya gari

Safari kutoka bandarini hadi Antibes inaonyeshwa kwa urefu ambao kisa hakiuhitaji. Barabara, bahari, majengo na mitende vinapita, huku muziki mwepesi wa Kifaransa ukisindikiza. Kwa mtazamaji anayetaka kujua kitakachotokea, sehemu hii ni kama kisimamo. Lakini ndiyo sehemu pekee ambamo Ufaransa ya ndoto na Ufaransa ya macho ni kitu kimoja. Kamera inamruhusu Diouana afurahi, na inamruhusu mtazamaji afurahi naye.

Furaha hii ni mtaji. Pindi Diouana atakapokuja kusema moyoni kwamba Ufaransa kwake ni jikoni, sebule, bafu na chumba cha kulala, maneno hayo yatakuwa na uzito kwa sababu mtazamaji anaikumbuka ile barabara. Asiyewahi kuonyeshwa kilichoahidiwa hawezi kupima kilichonyimwa.

Jambo moja la kihistoria linafaa kutajwa hapa. Imekuwapo nakala ya filamu ambayo ndani yake safari hii ya gari imepigwa kwa rangi, wakati sehemu nyingine zote ni nyeusi na nyeupe. Sehemu hiyo ya rangi imeweza kutazamwa tena baada ya filamu kukarabatiwa. Ni halali kuuliza ni ipi iliyo bora. Rangi ina hoja yake: inakiri kwamba matumaini ya Diouana yalikuwa ya kweli na yenye uzuri, si ujinga wa msichana wa mtaa wa maskini. Hata hivyo nakala isiyo na rangi ina hekima zaidi. Rangi inapojitokeza ghafla, mtazamaji huona mkono wa mwongozaji. Anaacha kutazama pamoja na Diouana na kuanza kuitazama filamu. Isitoshe, rangi huitenga safari kana kwamba ni dunia nyingine, ilhali ukali wa kisa ni kuwa barabara ile nzuri na jiko lile ni nchi moja, na umbali kati yake ni ngazi za nyumba.

Nyumba nyeupe na kinyago

Mlango unafunguliwa na Bibi, ambaye anamkaribisha na kumtembeza nyumbani. Hiki ni chumba hiki, na kile ni chumba kile. Dirishani anamwonyesha miji ya pwani kwa kidole. Matembezi haya yana sura ya ukarimu, na huenda Bibi mwenyewe anayaona kuwa ukarimu. Lakini mpangilio wake ni mpangilio wa orodha. Mgeni huonyeshwa mahali pa kukaa. Diouana anaonyeshwa mahali pa kufanya kazi, na miji anaonyeshwa kwa mbali tu. Filamu haitoi maelezo. Inamwacha mtazamaji aione orodha kama Diouana anavyoiona, yaani bila ya kuielewa bado.

Kuta za nyumba ni nyeupe na tupu. Juu ya mojawapo kimetundikwa kinyago cha Kiafrika, peke yake. Diouana anakiona na kukitambua, kwa maana ni yeye aliyewapa waajiri wake zawadi hiyo huko Dakar. Mengi yameandikwa juu ya kinyago hiki kama ishara ya utamaduni ulionyang'anywa na kugeuzwa pambo, na mwisho wa filamu unayathibitisha hayo. Lakini uhakiki unaokimbilia ishara huruka hatua moja. Katika mwanzo, kabla ya kuwa ishara ya bara zima, kinyago ni kitu anachokifahamu. Katika nyumba ambamo kila kitu ni kigeni, ndicho pekee kinachofahamiana naye. Mtazamaji anayeuona mtazamo wake juu ya kinyago anaona mtu aliyekutana na mwenyeji wake ugenini.

Mpango wa picha unafanya kazi iliyosalia: cheusi kimoja juu ya weupe mwingi, na msichana mmoja mweusi katikati ya weupe ule ule. Kufanana huko hakusemwi na mtu yeyote. Ni jicho linalounganisha, na muungano uliofanywa na jicho la mtazamaji mwenyewe hudumu kuliko ule alioelezwa.

Mwanzo mwingine wa mwaka ule ule

Ili ionekane kwamba njia ya Sembène haikuwa ya lazima, yafaa kuutazama mwanzo wa filamu nyingine ya mwaka 1966 inayohusu ukoloni wa Kifaransa: Vita vya Algiers ya Gillo Pontecorvo. Filamu hiyo inaanza baada ya mateso. Mwanamume mmoja wa Algeria, aliyekwisha kuvunjwa na askari wa miavuli, anapewa kinywaji na kuvikwa sare yao ili awaongoze hadi maficho ya Ali la Pointe. Kisha nyuso za waliojificha nyuma ya ukuta zinaonyeshwa kwa karibu, na filamu inarudi nyuma hadi mwaka 1954.

Pontecorvo anaanza na maumivu, na huruma inayozaliwa ni kubwa na ya ghafla. Lakini mtazamaji hamjui mtu huyo. Hajui lililomo moyoni mwake. Anajua tu kwamba ameteswa. Hii ni huruma kwa mwili. Inafaa katika filamu ile, kwa sababu shujaa wake ni umma na wala si mtu mmoja, na mtazamaji anahitajiwa kuelewa gharama ya vita kabla ya kuelezwa sababu zake. Njia hiyo ingetumiwa katika kisa cha Diouana, ingemrudisha mtazamaji nyuma ya mpelelezi wa hadithi ya 1962. Mwanzo mmoja unaanza na mtu aliyekwisha kuumizwa. Mwingine unaanza na mtu asiyejua kwamba ataumizwa. Wa kwanza huleta huruma, wa pili huleta uandani.

Sauti ya kuazima

Mpaka hapa sauti ya ndani imesifiwa. Haki inadai upande wake wa pili utazamwe. Sauti inayosikika si ya Mbissine Thérèse Diop. Sauti za filamu hii zilitiwa baada ya picha kupigwa, na ya Diouana ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji wa Haiti. Ni kweli kwamba Bwana na Bibi nao wametiwa sauti za watu wengine, Robert Marcy na Sophie Leclerc, kwa hiyo si Diouana peke yake aliyetendewa hivyo. Lakini hali si sawa. Wale wawili wameazimwa sauti katika lugha yao wenyewe. Diouana anawaza kwa Kifaransa fasaha, hali mawazo ya msichana huyo wa Dakar, asiyejua kusoma, yangetazamiwa yawe katika Kiwolofu.

Tatizo hili si dogo, kwa sababu filamu yenyewe inalishitaki. Barua inapofika kutoka kwa mama yake, Bwana ndiye anayeisoma, na ndiye anayeanza kuandika jibu kwa niaba ya Diouana, akibuni maneno ambayo msichana hakuyasema. Tukio hilo ni miongoni mwa yale yanayomvunja moyo. Basi, filamu inayolaani kusemewa imemsemea mhusika wake tangu sentensi ya kwanza. Uandani ambao mtazamaji ameupata bandarini umepatikana katika lugha ya Bwana na Bibi.

Je, hilo linaubatilisha? Halibatilishi, ila linauwekea mpaka. Sembène mwenyewe anaonekana kuuona mpaka huo, kwani filamu yake ya Mandabi, iliyotoka mwaka 1968, aliitengeneza kwa Kiwolofu, naye aliendelea kuzitumia lugha za Kiafrika katika kazi zake za baadaye. Mhakiki anayeupenda mwanzo wa La Noire de... hana budi kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba ulimpa mwanamke mtumishi wa Kiafrika nafsi ya ndani ambayo sinema haikuzoea kumpa, na kwamba nafsi hiyo ilivikwa nguo ya kuazima.

Kwa wataalamu wa lugha jambo hili lina funzo la karibu. Chukuliwe kwamba swali la bandarini linatafsiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri ana vitenzi vitatu mbele yake. Kungoja ni kukaa tu mpaka mtu afike. Kulaki ni kumwendea mgeni kwa heshima kabla hajafika. Kupokea ni neno la watu na la vitu pia: mgeni hupokewa, na mzigo hupokewa. Akichagua kulaki, atakuwa ameeleza anachotumaini Diouana. Akichagua kungoja, atakuwa karibu na Kifaransa. Akichagua kupokea, atakuwa amefungua utata ambao jina la filamu limeuficha katika nukta zake tatu, ambapo neno de laweza kuwa la kutoka mahali au la kumilikiwa na mtu. Chaguo la kitenzi kimoja litaamua kama mtazamaji wa Kiswahili atamhurumia Diouana au atakuwa mwandani wake. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa mtu asiyejua kamera imefanya nini pale.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mwanzo wa La Noire de... haumwombei Diouana huruma. Mavazi yanamwinua, swali la siri linamkaribisha mtazamaji ndani, adabu ya Bwana inamnyima mtazamaji adui wa rahisi, safari inampa furaha ya kuja kupotezwa, na kinyago kinampa mwenyeji. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuwekwa katika aya ya fani mwishoni mwa uhakiki, kwa maana ndiyo yanayoifanya dhamira iwezekane. Mtu akiyaondoa, ukoloni mamboleo utabaki kuwa jina la mada, na Diouana atabaki kuwa habari ya gazeti.

Kisa chenyewe hakijapitwa na wakati. Wasichana wa Kenya wangali wanasafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na habari zao hufika magazetini, mara nyingi, kwa mpangilio wa ile hadithi ya 1962: kwanza maiti, kisha uchunguzi, kisha jina. Wasomaji huhuruma na kufunua ukurasa wa pili. Filamu ya 1966 inaupindua mpangilio huo. Mwishoni mwake Bwana ndiye anayelibeba sanduku, akilirudisha Dakar kwa mama, na mama anapoikataa pesa mtazamaji haulizi kwa nini. Alikuwako bandarini sanduku hilo lilipofika.